Kikombe cha Kumi na Mbili

Tukuyu, Mei 1955. Mvua haikuwa ikinyesha,
ilikuwa imekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.
Shangazi Tusekile alivaa glavu za lesi
ndani ya nyumba yake mwenyewe.
Mimi nilishika sinia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na kazi yangu ilikuwa kutoonekana.

Walikuja wote. Mke wa pasta, kofia yake ina cheri za nta.
Dresa wa hospitali. Karani wa baraza na viatu vinavyolia.
Bwana Shauri na Madamu wake, wakipangusa ukungu mabegani.
Redio ya betri ilikohoa, keki ikakatwa,
na maneno, kama nzi, yakarudi palepale:
malipo ya pili ya kahawa,
shilingi elfu kumi na nne za watu wa Masoko
zilizoyeyuka kitabuni.

"Yule kijana Ambakisye," alisema karani. "Mtazame macho tu."
"Tumemfungia tangu jana," alisema Bwana Shauri.
"Namba juu ya namba, kwa penseli ya zambarau,
ile ya kulamba. Kitabu cha pili anacho mwenyekiti,
Jumatatu mkaguzi anakuja kutoka Mbeya."

Mwenyekiti, Bwana Andongwisye, mume wa shangazi,
alicheka. Mkono mdomoni,
kama mtu anayeficha pengo.

Shangazi akamimina chai. Hakumwaga hata tone.

Wageni walipoondoka, taa za Landrova zikimezwa na migomba,
alimruhusu mpishi aende zake. Akavua glavu.
Akapanga vikombe juu ya meza ya jikoni, kimoja kimoja,
kama mwalimu anayepanga watoto wa kwaya.
"Usioshe," aliniambia. "Lete taa."

Kumi na kimoja vilikuwa na sukari imelala chini,
nzito, imenata.
Cha kumi na mbili hakikuwa na kitu chini.
Ila ukingoni, nusu ya mdomo,
rangi ya ua la kiazi.

Wahenga walituonya: kikulacho ki nguoni mwako.
Kikombe hawakukitaja.

Humu ndani mtu mmoja tu hanywi sukari,
tangu daktari wa misheni amkataze.
Nilimjua. Sikumtaja.
Shangazi naye hakumtaja. Aliuliza tu, taratibu,
kama anayeuliza bei ya sabuni:
"Ambakisye yuko ndani tangu jana.
Penseli ya leo imelambwa na nani?"

Kutoka chumbani tulisikia mtu akivua viatu.
Kimoja. Kisha kimya kirefu. Kisha cha pili.

Jumapili alikwenda kanisani, akaimba sauti ya pili,
akashika kitabu kimoja cha nyimbo pamoja na mumewe.
Nilitazama vidole vyao visivyogusana.

Jumatatu akavaa kofia, akafunga kikombe
kwa kitambaa alichofuma mwenyewe siku za uchumba,
akapanda bomani kwa miguu, tope mpaka kwenye soksi.
Wanawake wa sokoni walidhani anakwenda kumwombea msamaha mtu.
Sikusikia alichosema. Mlango ulikuwa wa Wajerumani,
mzito, hauvujishi neno.

Adhuhuri Ambakisye akatoka, viatu vyake havina kamba,
akasimama juani kana kwamba jua nalo ni mtego.
Bwana Andongwisye akapelekwa Mbeya kwa Landrova.
Alikaa mbele, kwa heshima.

Mke wa pasta hakuja tena. Karani alianza kupita barabara ya chini.
Alfajiri moja tulikuta mlangoni mkungu wa ndizi,
na nyayo za watu watatu au wanne,
zimejaa maji.

Kikombe hakikurudi; kilibaki bomani, kimefungwa lebo.
Shangazi hakununua kingine.
Wageni wakijaa, na siku hizi ni nadra,
wao hunywa kwa vile kumi na kimoja.
Yeye huchukua kopo la bati,
akanywa bila sukari.